Kukohoa Mbele za Watu

Mwaka ule baridi ya mwezi wa sita ilishuka Likasi mapema. Asubuhi tulikuwa tunatoka na blanketi mabegani kuwasha mbabula, lile jiko letu la makala, yaani makaa, na mchana upepo ulileta vumbi jekundu hadi ndani ya sufuria. Homa ya mafua ikapita kwenye kartiye yetu, mtaa mzima, nyumba kwa nyumba. Mimi pia ilinilaza, kisha nikaamka, nikaoga, nikarudi kazini. Homa iliondoka. Kikohozi kilibaki.

Hakikuwa kikohozi cha kutisha. Kilikuwa kikavu, cha kuja bila taarifa: nikicheka, nikipanda mlima wa kwenda mjini, nikitoka kwenye jua na kuingia chumba chenye baridi. Usiku kiliniacha nilale. Kilinipenda mchana, mbele za watu.

Na kazi yangu ilikuwa kuuza dawa. Ilikuwa farmasi ndogo, chumba kimoja chenye kaunta ya kioo, na mwenye nayo tulimwita patron. Siku moja akaingia mwanamke aliyevaa vizuri, kama mtu wa ofisi, akaomba dawa ya kikohozi kwa ajili ya mume wake. Nikamtolea chupa ya sirop, nikaanza kumweleza jinsi ya kuipima kwa kijiko, na katikati ya maelezo yangu kifua kikaanza kuwasha. Niligeuka, nikaziba mdomo kwa kiwiko, nikakohoa hadi kikatulia, nikasema pardon. Nilipomrudia, chupa alikuwa ameisukuma upande wangu wa kaunta kwa kidole kimoja.

"Mama," akaniuliza, "weye mwenyewe unakunywaka hii sirop?"

"Ndiyo, mama. Nakunywaka."

"Basi," akasema, akatoka.

Patron alisikia. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki kumfanya mbaya sasa. Siku ile aliniambia tu niende nyuma nikapange makarton. Lakini wiki iliyofuata nilimkuta binti wa ndugu yake amesimama pale kaunta, amevaa koti langu jeupe. Nikaambiwa amekuja kusaidia. Kusaidia nini, sikuambiwa. Nilichokiona ni kwamba alikuwa tayari anajua ufunguo wa kabati unawekwa wapi, na hilo mimi nilifundishwa baada ya muda mrefu.

"Pumuzika kwanza nyumbani," patron akaniambia. "Kikohozi ikiisha, urudi. Bantu banaogopa, mama. Unajua tangu ile corona namna bantu balikuwa."

"Na ikichelewa kuisha?"

"Itaisha," akasema, akaanza kupangusa kioo kilichokuwa safi.

Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba kikohozi changu kilikuwa kisingizio tu, na kwamba yule binti angekuja hata kama ningekuwa mzima kama chuma.

Kuanzia hapo nikajifunza adabu ambazo hakuna aliyewahi kunifundisha. Kanisani nilihamia benchi la mwisho, karibu na mlango, ili niweze kutoka bila kuwavuka watu. Niliacha kushikana mikono. Nilikuwa naweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, na nikasikia kwamba baadhi ya wamama walisema nimeanza kujivuna. Nilitembea na kipande cha tangawizi mdomoni. Siku moja nilikizuia kikohozi katikati ya mahubiri kwa nguvu zote, hadi machozi yakanitiririka, na shemasi akaja kunishika bega, akidhani neno limenigusa.

Kukohoa ni jambo moja, na kutazamwa ni jambo lingine. Ukikohoa mara moja, watu wanakupa pole. Ukikohoa tena, wanakaa kimya. Baada ya hapo wanaanza kukuangalia shingo, wanaangalia kama nguo zimekulegea. Mimi nami nilianza kuwaangalia wanavyoniangalia. Nikawa najua nani ameshusha dirisha la gari nilipopanda, nani ameahirisha kuniletea mtoto wake nimbebe. Kila mlango uliofungwa nilidhani umefungwa kwa sababu yangu, hata ule uliofungwa kwa sababu ya upepo.

Lakini aliyeniumiza zaidi alikuwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya.

Tulikuwa tunaishi wawili kwenye nyumba aliyotuachia baba, mtu wa Kasai aliyeletwa na kazi ya mgodi na hakurudi tena kwao. Yaya aliwahi kuolewa. Alifiwa na mume, akarudi nyumbani, na tangu hapo alikuwa anakaanga vitumbua na kuviuza mbele ya shule. Miezi ile alikuwa ameacha kwa muda. Alisema moshi wa mafuta unamuumiza macho.

Nikaona mambo yanabadilika kidogo kidogo. Kwanza alihamisha godoro lake kutoka chumba tulicholala pamoja, akalipeleka sebuleni. Akasema mimi ninageuka sana usiku. Kisha akawa anafungua madirisha yote, katika baridi ile, na nikiyafunga anayafungua tena. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, kwenye sahani moja tangu utoto, sasa kila nikikaa kula ananiambia, "Kula tu, minye nilishakula." Nikizungumza naye, anageuza uso kama mtu anayetafuta kitu dirishani.

Halafu ikaja ile habari ya kikombe. Vikombe vyetu vyote vilikaa jikoni ndani ya beseni. Asubuhi moja nikakuta kimoja, kile cha bati chenye maua, kimewekwa peke yake kwenye kabati la sebuleni, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Sikuuliza. Nilielewa. Nilienda nikakichukua, nikamiminia chai yangu humo, nikanywa mbele yake huku nikimtazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Nikaona amejua kwamba nimejua. Tangu siku ile nilinywea kikombe kile tu, kwa hasira, na kila jioni nilimwona akikisuuza kwa maji ya moto yanayochemka.

Kwenye mwezi wa saba, jirani yetu wa ukuta mmoja alifiwa na mama yake. Jirani huyo anauza makala mbele ya nyumba yake, na mume wake anavunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe. Kwetu mtu hawezi kukosa kilio cha jirani. Ukikosa, watasema una neno na marehemu. Na ukienda na kikohozi, watasema hayo niliyoyasikia baadaye. Niliona bora niende. Yaya alisema kichwa kinamuuma, akabaki.

Nilikaa mwisho wa jamvi la wamama, nje, chini ya turubai. Niliweka tangawizi mdomoni, nikajifunika kitambaa changu cha kikwembe hadi puani. Nyimbo zilipita salama. Wakati wa maombi, kila mtu amefumba macho na kimya kimetanda, kifua kikaniwasha. Nilikohoa ndani ya kikwembe, nikakohoa tena, na nilipofungua macho mahali palipokuwa na wamama wawili pembeni yangu palikuwa na jamvi tupu. Walikuwa wamejisogeza huku wanaomba.

Chai ikaletwa. Watu wote walipewa kwenye vikombe vya kukodi, vile vya kioo. Jirani mwenyewe, na msiba wake kichwani, alitoka ndani ya nyumba akaniletea yangu kwenye gobleti la plastiki la kutupa.

"Kunywa, mama," akasema kwa upole. "Ukimaliza utupe tu pale."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akanong'ona, si kwa chini sana. "Njo ule wa kifua. Muchana muzima banamusikia akikohola nyuma ya nyumba, kutoka asubuhi."

Nilishangaa. Kutoka asubuhi? Wakati wa asubuhi nilikuwa sikohoi kabisa. Na nyuma ya nyumba yetu kuna banda la kuku tu. Mimi nilikuwa siendi huko. Lakini sikulifikiria jambo hilo hadi mwisho wake. Nililishika upande mmoja tu: kwamba kuna mtu aliyewapelekea watu habari za ndani ya nyumba yetu. Niliinuka kabla chai haijapoa.

Yaya alikuwa amekaa mlangoni, anachambua matembele. Sikumsalimu.

"Yaya, ni weye unaambia bantu kama niko na TB?"

"Minye?" Mikono yake ilisimama. "Sikumwambia muntu hata mumoja."

"Na godoro? Na madirisha? Na kile kikombe chenye uliweka mbele ya wageni wote?"

Alichukua jani jingine. Akalirudisha kwenye sinia bila kulichambua.

"Enda bakupime, mudogo wangu," akasema mwisho. "Nakuomba. Enda bakupime."

Kwangu hayo yalikuwa ungamo. Sikusema naye tena siku ile.

Nilienda kweli kupimwa, lakini si kwa sababu aliniomba. Nilitaka jibu la daktari nilitembeze kartiye nzima, nilianzie kwa yule wa gobleti na nilimalizie kwa patron. Nilichagua kituo cha afya cha upande mwingine wa mji, mahali ambapo hakuna mtu anayenijua. Niliondoka mapema nikiwa nimemwambia yaya naenda sokoni. Yeye alikuwa ameniambia anaenda kumsalimu rafiki aliyetoka Kapolowe.

Pale kituoni, wanaokohoa hawaingii ndani. Wanakaa barazani kwenye hewa, kwenye mabenchi yaliyotenganishwa. Mwuguzi mmoja mwenye barakoa alinipa barakoa nami, akanionyesha mahali pa kukaa. Niliketi, nikaangalia wenzangu, kama mtu anayekagua maadui. Walikuwa wachache. Mwisho wa baraza, ameupa ukuta uso, alikaa mwanamke aliyejifunika kikwembe cha ndege wa buluu.

Nilikitambua kikwembe kabla ya kumtambua aliyekivaa. Kilikuwa changu.

"Yaya?"

Aligeuka. Nilianza kuinuka nimwendee, naye akanyoosha kiganja haraka.

"Usikaribie! Kaa pale pale."

Tukabaki hivyo, yeye benchi lake na mimi langu, na nafasi ya mtu kulala katikati yetu.

"Weye unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Nimekuya kukamata dawa."

"Dawa ya nini?"

Alitazama mlango, akatazama wagonjwa wengine, kisha akasema kwa sauti ya chini iliyonifikia vizuri kabisa, "Ya kifua."

Alinieleza pale pale, kwa vipande, akinyamaza kila mtu alipopita. Kikohozi chake kilianza kabla ya changu, mvua zikiwa bado zinanyesha. Alikuwa anasubiri nitoke kwenda kazini, na nilipobaki nyumbani aliamka asubuhi kabla yangu, ndipo aende kukohoa nyuma, kwenye banda la kuku, ili nisimsikie. Vitumbua aliviacha kwa sababu alijua mtu mmoja akishuku tu, hakuna mzazi atakayemruhusu mtoto wake kununua kwake tena, hata akipona. Ndipo mafua yakaniangusha mimi.

"Uliposhikwa na kikohozi, bantu bakafikiri ile yote banasikia ni yako," akasema.

"Na weye ukabaacha bafikiri."

"Nikabaacha."

Hakujitetea. Labda angejitetea ningepiga kelele. Nilimuuliza kuhusu kikombe.

"Kilikuwa changu mimi. Nilikitenga ili usikikamate. Kisha weye njo ukakikamata, kila siku. Ningesema nini? Ningesema 'acha', ungeniuliza sababu."

"Na sababu gani ulikiweka sebuleni? Chumbani hapakuwa na mahali?"

"Sikufikiri," akasema, akashusha macho.

Nilimwamini nusu. Wageni wetu wote walikaa sebuleni. Kila aliyeingia alikiona kikombe kile, kisha akanisikia mimi nakohoa. Inawezekana kweli hakufikiri. Inawezekana pia alifikiri kidogo, jinsi mtu anavyofikiri jambo bila kujiambia. Nimeligeuza swali hilo mara nyingi tangu wakati ule na sijapata upande wa kulilaza.

Mwuguzi aliniita. Alipojua kwamba sisi ni wa nyumba moja, alimtazama yaya kwa macho makali. "Si nilikuambia umulete tangu siku ya kwanza?" Kisha akanieleza bila haraka kwamba ugonjwa ule unapita kwenye hewa, hauendi na kikombe wala sahani, na kwamba madirisha yaliyonitia baridi ndiyo yalikuwa yananisaidia. Nikatoa makohozi kwenye kopo dogo, nikarudi siku nyingine, nikaambiwa sina kitu. Kikohozi changu kilikuwa mabaki ya mafua tu, na vumbi la kiangazi ndilo lililokuwa linakichelewesha.

Kwa hiyo jibu nililolitaka nililipata. Ningeweza kulitembeza.

Siku ile ya kwanza tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Karibu na nyumba akaniuliza, "Utabaambia?" Sikumjibu, maana sikujua. Tulipofika kwenye kona tulimkuta jirani yetu amekaa kwenye magunia yake ya makala, bado na kitambaa cha msiba kichwani. Alipotuona alisimama. Mimi alinipa yambo, salamu tu, kutoka mbali, akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu. Kisha akamwendea yaya na mikono yote miwili imenyooshwa, amshike, amwambie alivyomkosa pale kilioni.

Yaya alivuta mikono yake akaificha ndani ya kikwembe.

"Mikono yangu iko na vumbi, mama," akasema. "Pole sana. Pole sana."

Jirani akanitupia jicho la kunilaumu, kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza dada yangu kusalimiana na watu. Maneno yalinifika kwenye ulimi. Niliyaangalia yale macho ya yaya juu ya kikwembe changu, nikayameza maneno. Sikufanya hivyo kwa huruma peke yake. Nilikuwa nimechoka, na niliona kwamba hata nikisema, wataamini tu kwamba nyumba yetu ina wagonjwa wawili.

Yaya alikunywa dawa zake zote hadi mwisho. Nilikuwa nasimama mbele yake kila asubuhi hadi azimeze, kisha namwambia afungue mdomo nione. Hakupenda. Hata mimi sikupenda, lakini sikuwa namwamini tena kama zamani. Mwuguzi alipotuambia hana tena cha kumwambukiza mtu, godoro lilirudi chumbani. Kwa muda mrefu tulizungumza mambo ya chumvi na maji tu.

Kikohozi changu kiliondoka na mvua za kwanza. Nilienda farmasi kumwonyesha patron kifua changu kilivyotulia. Binti wa ndugu yake aliniletea kiti. Patron akasema ataniita. Hadi leo hajaniita, na wakati mwingine nadhani nilikuwa sahihi juu yake tangu mwanzo, na wakati mwingine nadhani nilimwonea. Nilipata kazi kwenye depo ya dawa njia ya Kakontwe, ambako wateja wengi wanakohoa kuliko nilivyokohoa mimi na hakuna anayemtazama mwenzake.

Mwaka uliofuata, wakati vitumbua vilikuwa vimerudi na yaya anakaanga uani, jirani aliingia. Alinunua vya kujaza sahani, akavilipia, lakini hakuondoka. Alinivuta pembeni.

"Mama, minye nakuuliza kitu, usikasirike. Weye ulikuwa na kifua, ukapona. Ulipitia wapi?"

Nilimshuku mara moja. Nilidhani ametumwa, au anataka nikiri kwa mdomo wangu ili apate la kuwasimulia wanaonunua makala kwake. "Nani alikuambia nilikuwa na kifua?"

"Haiko hivyo," akasema, akatazama upande wa nyumba yake. "Ni bwana yangu. Anakohola tangu mvua. Anakataa kutoka nje ya nyumba, anaona haya ya bantu. Nilikuwa nafikiri weye utanielewa."

Nilifungua mdomo nimweleze kile kituo cha upande wa pili wa mji, kama mtu aliyepona. Ningeweza kufanya hivyo vizuri. Nilikuwa nimebeba jina la ule ugonjwa kwa muda wa kutosha. Lakini mafuta nyuma yetu yaliacha kulia. Yaya alikuwa ameondoa sufuria kwenye mbabula. Alikuja huku anapangusa mikono kwenye kikwembe.

"Haiko yeye," akamwambia jirani. "Ni minye nilikuwa na kifua. Mudogo wangu hakukuwa na kitu."

Jirani alimtazama. Akatazama sahani ya vitumbua mkononi mwake, vilivyokuwa bado vya moto, kisha akanitazama mimi kwa muda, na nikaona anarudi nyuma katika mawazo yake, siku baada ya siku, hadi kwenye lile gobleti. Hakuniomba msamaha. Nilisubiri aiweke sahani chini. Hakuiweka.

"Zile dawa," akamuuliza yaya, "zinaumiza tumbo?"

"Mwanzo, kidogo," yaya akasema. "Akitapika, asikunywe zile za asubuhi na tumbo tupu, aulize mwuguzi. Minye nitamupeleka. Kesho."

Habari zilitembea, kama tulivyojua zitatembea. Wazazi wengine walikataza watoto wao vitumbua vya yaya, na wengine hawajarudi hadi sasa. Lakini asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni nikawaona wakiondoka: yaya mbele na barakoa, jirani katikati, na mume wake, mwanaume mkubwa wa kuvunja mawe, nyuma yao kwa mbali kidogo, ameinamisha kichwa. Kwenye kona alikohoa kwa nguvu, na watu waliokuwa wanapita wakageuka kumtazama. Yaya akasimama, akamsubiri, akatembea naye pembeni yake.